Nilichunga Manjano, Weupe Ukanipita

Usiku mmoja, wiki tatu baada ya kufungwa nyaya za meno, nilisimama mbele ya kioo cha bafuni kwetu South B, Nairobi, simu ikiwa mkono mmoja na taa yake ikinimulika kinywani, huku kidole cha mkono wa pili kikiuvuta mdomo wa juu karibu uguse pua. Mchana wake nilikuwa arusini Pangani, ambako nilikula biriani ya kuku sahani moja na nusu, na sasa meno yangu ya mbele yalikuwa na rangi ya embe lililoiva. Sikupata usingizi wa maana. Nilikuwa na umri wa miaka thelathini na mitatu, nimeweka akiba kwa miaka miwili ili meno yangu yaliyopandana yanyooshwe, na hata mwezi haujaisha nilikuwa nimekwisha kuyaharibu kwa sahani ya biriani.

Kulipokucha nilikuwa mlangoni pa kliniki kabla haijafunguliwa. Daktari wangu, mwanamke wa makamo asiyependa maneno mengi, alinilaza kitini, akashika koleo nyembamba na kukitoa kipira kimoja kinachoizunguka braketi, kile kipande kidogo cha chuma kinachogandishwa kwenye jino ili kibebe waya. Alikiweka kipira hicho juu ya kitambaa cheupe, nacho kikaonekana kama uzi uliochovywa kwenye bizari. Kisha akanipa kioo nilitazame jino lenyewe. Lilikuwa vilevile kama nilivyolileta siku ya kwanza.

"Mpira ndio ulioshika rangi, dada, si jino," alisema. "Nilikuuliza unataka vipira vya rangi gani, ukachagua visivyo na rangi."

Ni kweli nilivichagua, kwa sababu sikutaka kuonekana kama mtoto wa shule aliyefungwa vipira vya rangi ya klabu ya mpira. Sikujua kwamba hivyo vya kung'aa ndivyo vinavyonywa rangi kwa haraka zaidi, hasa rangi ya manjano ya mchuzi na ile ya chai iliyokolea majani. Hubadilishwa kila baada ya wiki nne au sita, na rangi huenda navyo kwenye pipa la taka. Alinibadilishia vyote kwa dakika kumi, vya rangi ya moshi mara hii, na kabla sijashuka kitini akaniambia jambo jingine ambalo nililisikia kwa sikio moja: kwamba rangi ya kuhofia si hiyo, na kwamba nisafishe zaidi ile sehemu ya jino iliyo kati ya braketi na ufizi. Nilikuwa na karatasi yake ya maelekezo mkobani, imekunjwa mara nne, na saini yangu ikiwa chini. Nilitikisa kichwa na kwenda zangu.

Yafaa nieleze kwa nini rangi ya meno ilinikosesha amani kiasi hicho. Mimi ni mkalimani wa mahakama. Kwa saa nyingi za siku nasimama kati ya hakimu na mshtakiwa, na mtu asiyejua Kiingereza, anayesubiri kuambiwa kama amepewa dhamana au la, huukodolea mdomo wangu macho kana kwamba neno litaonekana kabla halijasikika. Lakini hofu yenyewe ina asili ya mbali zaidi ya mahakama. Nilizaliwa Naivasha nikalelewa huko hadi nilipojiunga na shule ya bweni. Maji yetu ya nyumbani yalikuwa ya kisima cha kuchimbwa, ya baridi na matamu, na ndiyo yaliyonipa meno niliyokuja nayo Nairobi: meno imara, ila yenye michirizi ya kahawia na mabaka yaliyofifia kama bati la zamani. Bonde la Ufa limejaa miamba ya volkeno inayoyatia maji ya chini ya ardhi madini ya floraidi kwa wingi. Shirika la Afya Duniani limependekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji ya kunywa, na katika ukanda wa Nakuru na Naivasha kuna visima vinavyokipita kiwango hicho mara kadhaa, achilia mbali maji ya maziwa ya Nakuru na Elementaita yenyewe. Mtoto akiyanywa maji ya aina hiyo katika miaka ambayo meno yake ya utu uzima yanaumbika ndani ya taya, yaani tangu kuzaliwa hadi kufikia miaka minane hivi, enameli, yaani ganda gumu la nje la jino, hutoka na kasoro, na kasoro hiyo haiondoki kwa mswaki. Shule ya bweni wenzangu walikijua kijiji changu kabla sijakitaja, nilikuwa nikicheka tu, tayari mtu anauliza, "Wewe ni wa upande wa Nakuru, sivyo?"

(Wazazi wa Nairobi wasidhani hili ni jambo la Naivasha peke yake. Maji ya mfereji yanayotoka mabwawa ya Ndakaini na Sasumua ni ya mito na mvua, na hayana tatizo hilo. Lakini mgao ukizidi, mitaa mingi hunywa maji ya visima vilivyochimbwa humu humu jijini, na vingi kati ya hivyo vina floraidi kupita kiasi. Kuyachemsha hakusaidii kitu, kwa maana maji hupungua na floraidi hubaki. Mwenye mtoto mdogo aulize maji ya bowser, yale yanayoletwa kwa lori, yametoka wapi.)

Basi kwangu mimi neno floraidi lilikuwa jina la adui. Nilikuwa nimelisikia tangu utotoni likitajwa pamoja na meno ya mama yangu, ya shangazi zangu, ya nusu ya darasa letu. Mama ana ndoo yenye kichujio cha mkaa wa mifupa, aina ambayo Dayosisi ya Katoliki ya Nakuru ilikuwa mstari wa mbele kuitengeneza, na kichujio hicho huyanasa madini hayo yakabaki kwenye mkaa. Akili yangu, ambayo siku nyingine hunisaidia, iliunganisha mambo hivi: kama mkaa unaondoa floraidi majini, na floraidi ndiyo iliyonitia madoa, basi mkaa ndio dawa ya meno yangu. Juma lile lile la biriani nikanunua dawa ya meno ya unga wa mkaa, iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye pakiti kwamba haina floraidi hata chembe, na nikajiona mwerevu kuliko daktari.

Kwa zaidi ya mwaka mzima niliishi kwa sheria nilizojitungia. Chai niliinywa kwa mrija, hata ya moto, jambo lililowachekesha makarani wenzangu wote. Bizari niliipiga marufuku jikoni. Bhajia sikuzigusa, kahawa niliiacha, na nikialikwa mahali nilichungulia sufuria kwanza ili nijue rangi ya mchuzi. Asubuhi na usiku nilisugua meno kwa ule unga mweusi mpaka sinki likawa kama la fundi wa makaa, kisha nikasuuza mara tatu, nne, na kutabasamu kioo kikiwa karibu. Mbele kulikuwa kunang'aa, na vipira vya rangi ya moshi havikuonyesha chochote.

Wakati huo huo, kwa kuwa kuzungumza mchana kutwa hukausha koo, nilikuwa na mazoea ya kumung'unya peremende za tangawizi. Nilianza saa tatu kesi zikianza kutajwa na kuendelea hadi mapumziko ya saa saba, moja ikiisha nikiweka nyingine shavuni, upande wa kushoto. Mchana nilikula mandazi mawili na soda kwenye benchi la nje, nikasukutua kwa funda moja la maji na kurudi ndani. Peremende haina rangi ya kutisha. Soda niliyoipenda ilikuwa nyeupe kama maji. Katika sheria zangu zote, hakuna hata moja iliyovunjwa.

Mwezi wa kumi na nne daktari aliamua kuihamisha braketi ya jino la pili kutoka katikati, upande wa kushoto juu, kwa kuwa jino lilikuwa linageuka kinyume na alivyotaka. Miadi miwili ya kabla ya hapo nilikuwa nimeikosa kwa sababu ya kesi zilizochelewa, na fizi zangu zilikuwa zimevimba kidogo na kulifunika jino kwa juu. Alitoa braketi, akakwangua gundi, akaosha, kisha akashika kile kijibomba kinachopuliza hewa na kulikausha jino. Akanyamaza. Alikausha la pembeni yake, akanyamaza tena, ndipo akanipa kioo.

Palipokuwa na braketi kulikuwa na mraba wa jino la kawaida, na michirizi yangu ya Naivasha ikipita ndani yake. Lakini juu ya mraba huo, ukiukumbatia kama mwezi mwandamo na kuufuata mstari wa ufizi, kulikuwa na weupe wa chaki. Si weupe wa kupendeza, bali weupe mfu usio na mng'ao, kama ukuta uliopakwa chokaa mara moja tu. Chonge la pembeni lilikuwa na mwezi wake. Upande wa kulia kulikuwa na mingine miwili, myembamba zaidi. Mate yalipolilowesha jino tena, weupe ule ulififia machoni mwangu, nami nikaelewa kwa nini miezi yote ile ya kutabasamu mbele ya kioo cha bafuni haikunionyesha kitu.

Daktari alinieleza kwa utaratibu, na nakiri kwamba mara hii nilisikiliza kwa masikio yote mawili. Bakteria wa kinywani hujenga ukoga pale mswaki usipofika, na braketi ni kama jiwe lililowekwa mtoni, kila uchafu hukwama ukingoni mwake. Bakteria hao hula sukari na kutoa asidi. Kipimo cha pH, ambacho hushuka asidi inapozidi, kikishuka chini ya 5.5 hivi, enameli huanza kupoteza kalsiamu na fosfeti. Mate huisafisha asidi hiyo na kurudisha sehemu ya madini, lakini huhitaji nusu saa au zaidi kufanya kazi hiyo. Mtu anayekula milo mitatu huliachia jino nafasi ya kupumua. Mimi niliyekuwa na peremende shavuni tangu saa tatu hadi saa saba sikuwa nikiliachia hata dakika moja. Madini yanapotoka huacha vitundu vidogo mno chini ya uso wa jino. Vikiwa vimejaa maji, macho hayaoni tofauti kubwa. Likikaushwa, hewa huchukua nafasi ya maji, mwanga hutawanyika, na chaki hujitokeza. Ndiyo hatua ya kwanza ya kuoza, ijapokuwa tundu halijatoboka. Aliniambia jambo hili laweza kuanza ndani ya wiki nne tu kwa mtu asiyesafisha, na meno ya pili kutoka katikati pamoja na machonge ya juu ndiyo huwa ya kwanza kuumia.

"Lakini mimi nasafisha," nilimjibu, na sauti yangu ilikuwa ya mtu aliyeonewa.

Hakubishana nami. Alinipa mswaki, akanionyesha sinki, akaniambia nisafishe kama nisafishavyo nyumbani. Nilijitahidi kuliko siku zote. Nilipomaliza alinipa kidonge nikitafune na kukizungusha kinywani kwa ulimi, kisha nikateme. Kidonge kile hupaka rangi ukoga na kuliacha jino safi. Niliponyanyua uso, juu ya kila braketi, meno yote ya mbele, kulikuwa na mstari wa zambarau iliyokoza kama wino wa kupigia kura. Chini ya braketi, mahali nilipokuwa nikisugua kwa nguvu zote, palikuwa safi. Mswaki wangu ulikuwa ukipita juu ya chuma na kuacha kile kipande cha milimita mbili kati ya chuma na ufizi, siku baada ya siku, kwa miezi kumi na minne.

Kisha akauliza ninatumia dawa gani ya meno. Nilimtajia, nikamweleza na sababu yake, habari ya Naivasha, kisima na kichujio cha Mama. Kwa mara ya kwanza nilimwona daktari yule akicheka, ingawa si kwa dhihaka. Alisema nimechanganya mambo mawili ambayo jina lao ni moja. Floraidi inayomezwa kwa wingi na mtoto huliharibu jino likiwa bado linaumbika. Floraidi inayopakwa juu ya jino la mtu mzima na kutemwa haiwezi kuleta michirizi, kwa sababu jino limekwisha kuumbika, na ndiyo hiyo inayosaidia madini kurudi kwenye enameli na kuifanya iwe ngumu zaidi mbele ya asidi. Nilikuwa nimeinyima enameli yangu ngao ile ile iliyohitaji, kisha nikaisugua kwa unga unaokwaruza. Mkaa wa mifupa kwenye ndoo ya Mama una kazi yake. Mkaa kwenye mswaki wangu ulikuwa umejikusanya kwenye pembe za braketi kama masizi.

Sitamsingizia mtu. Maelekezo yote yalikuwa kwenye karatasi iliyokunjwa mara nne.

Tangu hapo mkoba wangu ulibadilika. Nilibeba mswaki mdogo, dawa yenye floraidi 1,450 katika kila sehemu milioni, na kiburashi chembamba cha kupitisha chini ya waya, ambacho wauzaji wa duka la dawa walikitafuta kabatini kwa muda mrefu kabla hawajakipata. Mswaki niliulaza mshazari, kwanza ukitazama juu ya braketi kuelekea ufizi, kisha chini yake, jino moja kwa wakati. Nilitema bila kusuuza, ili dawa ibaki juu ya meno, na hilo la kutosuuza ndilo lililonishinda kwa muda mrefu zaidi kuliko yote. Peremende nilizigawa. Soda nikaiacha, na chai nikairudisha kwenye kikombe, bila mrija, pamoja na chakula. Mchana nilisafisha meno kwenye sinki la choo cha mahakama, na siku moja wakili mmoja aliyevaa joho kamili alisimama kando yangu kunawa mikono, akanitazama nikiwa na povu hadi kidevuni, akaniambia "Pole, dada," kama aliyeona msiba. Kliniki nayo ilikuwa ikinipaka floraidi nzito kwa brashi kila baada ya miezi mitatu.

Mtu aliyeumwa na nyoka, wahenga walisema, akiona unyasi hushtuka, na kushtuka huko kulinipotosha mara nyingine. Fizi zilipokuwa zimevimba, daktari alikuwa ameniandikia dawa ya kusukutua yenye kloreksidini kwa wiki mbili. Wiki mbili zilipokwisha, nilijinunulia chupa nyingine, kisha nyingine tena, nikiamini kuwa kinachoua bakteria hakiwezi kuzidi. Baada ya miezi miwili na nusu ulimi wangu ulikuwa wa kahawia, na kati ya braketi kulikuwa na utando wa rangi ya chai ya turungi ambao mswaki haukuutikisa. Hiyo ni tabia ya dawa yenyewe ikitumiwa kwa muda mrefu, hasa na mnywaji chai. Ilikwanguliwa kwa kikao kimoja na ikaisha. Hapakuwa na madhara ila aibu, lakini nilijifunza kusoma idadi ya siku kwenye chupa.

Katika kipindi hicho hicho dada yangu mkubwa alikuja kutoka nyumbani, akaketi nami sebuleni, akanikagua kinywa kama mnunuzi wa ng'ombe. "Hizi chuma zimekutia kutu," alisema. "Tazama haya ya kahawia." Nilimwonyesha kwenye simu picha alizopiga daktari kabla ya kugandisha braketi hata moja. Michirizi ilikuwapo, jino kwa jino, mahali pale pale, nasi tukabaki tukicheka, kwa sababu na yeye anayo mahali pale pale. Bila picha zile ningeamini maneno yake, na pengine ningegombana na kliniki bure. Ukitazama kwa makini, madoa ya maji huja kwa jozi, jino la kulia likifanana na mwenzake wa kushoto, kwa mistari inayopita kote. Yale ya asidi hufuata ukingo wa braketi na mstari wa ufizi, na hukaa zaidi pale mmiliki alipozembea. Shavu langu la kushoto, lililokuwa ghala la peremende, lilikuwa na ushahidi wa kutosha kumfunga mtu.

Niseme pia, kwa wenzangu wenye meno ya Bonde la Ufa, kwamba braketi zangu zilibanduka mara tatu. Enameli yenye kasoro ya floraidi haikubali kwa urahisi ile asidi inayopakwa ili gundi ishike, na daktari alilazimika kuipaka kwa muda zaidi. Si kosa la gundi wala la fundi.

Kuna rangi moja ambayo haikunipata mimi bali ilimpata karani mwenzangu, aliyekuwa amefungwa nyaya miezi michache baada yangu. Jino lake moja la mbele, moja tu, liligeuka polepole kuwa la kijivu. Alilisugua, akabadilisha dawa mbili, akaacha na chai. Baadaye daktari alimuuliza kama aliwahi kuumia, naye akakumbuka ajali ya bodaboda ya miaka kadhaa nyuma ambapo alianguka kifudifudi barabarani. Mshipa wa ndani ya jino ulikuwa umekufa. Alitibiwa mzizi, na jino likang'arishwa kwa kutokea ndani. Jino moja likibadilika rangi peke yake huku mengine yametulia, hilo si jambo la mswaki wala la chakula, na halingoji miadi ya mwezi ujao.

Nyaya zangu zilitolewa Mei 2023, baada ya miezi ishirini na saba. Koleo hubana braketi, inasikika kama mtu anayevunja kijiti kikavu karibu na sikio, kisha huja nusu saa ya kukwangua gundi, ambayo haifai kuharakishwa, kwa kuwa mabaki ya gundi ndiyo yanayoshika rangi ya chai miezi ya baadaye na kumfanya mtu adhani jino limechakaa. Nilipitisha ulimi kwenye meno yaliyonyooka, laini kama kikombe, na kwa muda wa dakika chache nikasahau kila kitu. Halafu hewa ikapulizwa, na ile miezi yangu minne ya chaki ikatokea, miwili kushoto na miwili kulia, katikati ya michirizi ya zamani.

Nilitaka yang'arishwe siku ile ile. Daktari alikataa katakata. Alisema enameli iliyotoka tu kwenye nyaya inahitaji muda wa kukutana na mate, na kwamba katika miezi sita ya kwanza madoa mengine hupungua yenyewe, mtu akiendelea na usafi na dawa ya kawaida yenye floraidi. Alikataa pia kunipaka ile floraidi nzito ya wakati wa nyaya juu ya madoa hayo, kwa sababu inaweza kuufunga uso wa jino haraka na kuuacha weupe umefungiwa ndani. Tukapiga picha, tukangoja. Kufikia Desemba doa moja la kulia lilikuwa limetoweka kabisa hata jino likiwa kavu, na la pili limebaki kama ukungu. Yale ya kushoto yalikuwa yamepungua makali lakini yamekataa kuondoka.

Alinieleza njia zilizobaki: kuna kusugua uso wa jino kwa asidi na unga kwa kiasi kidogo mno, kuna kujaza vile vitundu kwa resini nyepesi inayopenya, ili mwanga upite tena kama kwenye jino zima, na kuna kung'arisha meno yote ili tofauti ya rangi isionekane sana. Nilichagua resini kwa jino moja, lile linaloonekana zaidi nikizungumza, na ilifanya kazi yake vizuri kuliko nilivyotarajia. Chonge nililiacha kama lilivyo. Michirizi ya kahawia sikuigusa, ingawa miaka kumi iliyopita ningetoa mshahara wa mwaka ili itoke. Nadhani baada ya kuitafuta kwenye picha mara nyingi, nikiiona mahali pale pale kila mara, niliizoea kama mtu azoeavyo mwandiko wake.

Krismasi hiyo nilienda nyumbani. Mama alinikalisha uani, kwenye mwanga wa jua la saa nne, akanishika kidevu kama alivyokuwa akifanya nilipokuwa mdogo, akakigeuza kulia, akakigeuza kushoto. Akayasifu meno kwa kunyooka kwake. Kisha akasogea karibu zaidi na kukodoa macho.

"Haya ya kahawia nayajua, ni ya kisima chetu," alisema. "Na hii alama nyeupe, mwanangu, umeipata wapi?"

"Nairobi, Mama," nikamjibu. "Hiyo nimeinunua kwa pesa zangu."